Maneno Yavuka Mpaka, Wanahistoria Wabaki

Mtu aliyezaliwa Kericho au Bomet kabla ya tarehe 1 Aprili 1902 alizaliwa Uganda. Sisemi hivi kwa mzaha, wala kwa kutafuta ugomvi na majirani. Hadi siku hiyo Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda ulienea hadi Naivasha, na nchi yote ya Wakipsigis ilikuwa ndani yake. Waingereza, ambao reli yao ilikuwa imefika Kisumu mnamo Desemba 1901, waliona heri njia nzima ya gari la moshi isimamiwe na serikali moja. Basi wakaumega mkoa ule na kuutia katika Himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo tangu 1920 imeitwa Kenya. Wenyeji hawakuulizwa. Baadaye Kericho ikawekwa katika Mkoa wa Nyanza, na ikakaa humo mpaka mipaka ya majimbo ilipochorwa upya kuelekea uhuru wa 1963, ndipo ikajikuta katika Bonde la Ufa. Mwaka wa 1992 Bomet ikakatwa kutoka Kericho na kuwa wilaya yake yenyewe, na Katiba ya 2010 ikazifanya zote mbili kaunti.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayetaka kusoma barua za maafisa wa kwanza wa kikoloni walioandika kuhusu vilima hivi vya majani chai hana budi kutafuta nyaraka za serikali ya Uganda, ambazo kwa miaka mingi zilihifadhiwa Entebbe. Nyaraka za miaka iliyofuata atazipata Nairobi, lakini katika mafaili ya Nyanza. Akitafuta chini ya Bonde la Ufa pekee, atarudi nyumbani akisema kwamba hakuna kilichoandikwa.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si wa historia, na huenda baadhi ya wenzangu wa jengo la pili wakaniuliza ni nani aliyenialika katika shamba lao. Jibu langu ni kwamba nimealikwa na maneno. Mwanaisimu anayefanya kazi katika eneo hili hulazimika kila siku kuvuka mpaka, kwa sababu maneno anayoyachunguza hayana pasipoti. Mwenzake mwanahistoria huanza safari naye, kisha humwacha pale Isebania. Nathubutu kusema kwamba hamwachi kwa uvivu. Humwacha kwa sababu ngazi ya kazi yake imejengwa kwa namna ambayo humlipa anayebaki kwao na humtoza faini anayevuka.

Nianze na maneno yenyewe, maana ndiyo ninayoyajua vyema zaidi.

Mchuma chai wa Kikipsigis anapohesabu kilo zake kwa lugha ya mama, akifika tisa husema sogol, na akifika kumi husema taman. Msomali husema sagaal na toban. Mmaasai naye, kwa kumi, husema tomon. Lugha hizi si za ukoo mmoja. Kikipsigis na Kimaasai ni za Kinilo, Kisomali ni ya Kikushi. Haiwezekani sadfa ikaleta tisa na kumi kwa pamoja, katika mpangilio ule ule. Maelezo ya wataalamu, akiwamo Christopher Ehret katika kitabu chake cha 1971 juu ya historia ya Wanilo wa Kusini, ni kwamba mababu wa Wakalenjin waliishi kwa muda mrefu jirani na watu wa Kikushi, wakabadilishana nao ng'ombe, wake na hesabu. Somalia ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2024. Msamiati ulikuwa umekwisha kujiunga zamani sana.

Tukielekea kusini mambo huzidi kuwa wazi. Huko Tanzania, katika nyanda za Mbulu, Hanang na Singida, waishi Wadatooga, wakiwamo Wabarbaig. Mkipsigis humwita ng'ombe mmoja teta, na ng'ombe wengi tuga. Mdatooga husema deda na duga. Mkipsigis wa kale alimwita Mungu Asis, na jua ni asista. Mdatooga humwita Mungu Aseeta. Hapa hapana kukopa. Haya ni maneno ya baba mmoja, na ndugu hawa wametengwa na mamia ya kilomita, na Wamaasai katikati yao, na mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliupigia mstari mnamo 1886 na 1890. Ni walimu wangapi wa historia katika shule za Bomet wamewahi kuwaambia wanafunzi wao kwamba wana jamaa Singida?

Lakini ushahidi unaonivutia kupita wote ni wa majina ya marika. Naomba msomaji anivumilie kidogo hapa.

Wakipsigis wana marika saba yanayozunguka: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kaplelach, Kipnyige na Nyongi. Kila rika hukaa miaka kama kumi na mitano hivi, hata duru nzima ikachukua takriban karne moja, kisha Maina huzaliwa upya. Sasa tuvuke twende kwa majirani ambao lugha zao ni za Kibantu, zisizo na udugu wowote na Kikipsigis. Wabukusu wana Maina, Chuma, Sawa, Kolongolo na Nyange. Watiriki wana Mayina, Juma, Sawe, Golongolo na Nyonje. Na tafadhali msomaji asidhani kwamba Juma huyo alizaliwa siku ya Ijumaa. Wakuria, ambao mpaka wa Kenya na Tanzania umewapasua vipande viwili, wana Maina, Chuuma, Saai na Nyangi. Ukipanda Mlima Elgon ukateremka upande wa Uganda, Wasebei nao wana Maina na Chumo, ingawa wao ni Wakalenjin na hilo halishangazi.

Tazama sauti zilivyobadilika. Korongoro ya Wakipsigis imekuwa Kolongolo kwa Wabukusu na Golongolo kwa Watiriki: r imegeuka l, jambo analolitarajia kila anayezijua lugha za Waluhya. Majina haya hayana maana ya wazi katika lugha hizo za Kibantu, lakini yamepokewa, yakavishwa sauti za wenyeji na kupewa kazi. Na kazi yenyewe haikubaki ile ile. Kwa Wakipsigis mtu huingia katika rika kwa kutahiriwa. Kwa Wakuria majina hayo ni ya vizazi, na mtoto huzaliwa akiwa tayari ana kizazi chake kulingana na cha baba yake. Jina limehama, na baada ya kuhama limejifunza ufundi mpya. Ni nani aliyelibeba? Ni wakwe? Ni mateka wa vita? Ni vijana waliotahiriwa pamoja katika mwaka wa njaa? Isimu haiwezi kujibu maswali hayo. Kazi yetu huishia pale tunapoonyesha kwamba neno lilipita. Nani alilipitisha, lini na kwa sababu gani, hilo ni swali la mwanahistoria. Na hapo ndipo ninapogeuka kumtafuta mwenzangu nisimwone.

Haikuwa hivyo sikuzote. Kilikuwako kizazi cha wanahistoria wa Afrika Mashariki waliojenga kazi zao kwa kuvuka. Bethwell Ogot, aliyefariki Januari 2025 akiwa na umri wa miaka 95, aliandika historia ya Waluo wa Kusini iliyochapishwa mwaka wa 1967, kitabu ambacho hakingeweza kuandikwa na mtu aliyekaa Siaya pekee, kwa kuwa safari anayoisimulia inaanzia Sudan na kupitia Uganda. William Ochieng', Mluo, aliandika historia ya Wagusii na kuichapisha mwaka wa 1974. Henry Mwanzi, ambaye si Mkipsigis wa kuzaliwa, alituandikia historia ya Wakipsigis, na humo akasisitiza kwamba watu hawa ni zao la mchanganyiko wa watu wengi waliokutana katika nchi hii, si ukoo mmoja ulioshuka kutoka kaskazini ukiwa mzima kama gunia lililoshonwa.

Naona fahari kubwa katika jambo hili dogo: kwamba mtu wa kabila moja alienda kuketi na wazee wa kabila jingine, akawauliza habari za mababu zao, na akaaminiwa. Sisemi kwamba mwenyeji asiandike habari za kwao. Taaitta Towett, mwana wa Kericho, waziri wa elimu wa zamani na mwanaisimu aliyesomea udaktari akiwa tayari mtu mashuhuri, alichapisha historia simulizi ya Wakipsigis mwaka wa 1979, miaka miwili tu baada ya Mwanzi. Vitabu hivyo viwili vinapaswa kukaa katika dawati moja, kimoja cha aliyetoka nje na kimoja cha aliyezaliwa ndani, na mwanafunzi aachwe avilinganishe. Ninachosikitikia ni kwamba aina moja ya vitabu imeendelea kuzaa na nyingine imekoma.

Kizazi kile kilisaidiwa na mazingira. Kuanzia 1963 hadi 1970 kulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Wanahistoria wa matawi hayo walisomana, walitahiniana na walialikana. Mwaka wa 1968 Ogot na J. A. Kieran walihariri kitabu cha historia ya Afrika Mashariki wakakiita Zamani, jina la Kiswahili lisilohitaji mkalimani kutoka Kampala hadi Lindi. Ehret aliandika humo sura ya Wakushi na Wanilo. Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya Wapare, alikuwa Dar es Salaam. Mwanafunzi wa Nairobi alijua majina ya walimu wa Dar es Salaam kama alivyojua ya kwao.

Mwaka wa 1970 chuo hicho kikagawanywa mara tatu, kila nchi ikachukua tawi lake. Mwaka wa 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Kitabu cha Mwanzi juu ya Wakipsigis kilitolewa na shirika la vitabu la Afrika Mashariki mnamo 1977, mwaka ule ule ambao shirika hilo lilikufa pamoja na Jumuiya. Huko Uganda utawala wa Idi Amin ulikuwa tayari umewatawanya wasomi. Frank Kalimuzo, aliyekuwa makamu wa chansela wa Makerere, alitoweka 1972. Kwetu nako, 1982 ilikuwa zamu yetu. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti alifungwa, asitoke hadi 1988. Al-Amin Mazrui, wa taaluma yangu, aliwekwa kizuizini. E. S. Atieno Odhiambo, mmoja wa wanahistoria wenye kalamu kali kuliko wote, aliishia kufundisha Houston, Marekani.

Kutokana na misukosuko hiyo, naamini, somo moja liliwaingia waliobaki: historia ya taifa ni hatari, na historia ya jirani ni gharama. Iliyobaki salama na rahisi ilikuwa historia ya kijijini kwako, hasa ya kabla ya wakoloni. Sina takwimu za kuthibitisha haya, lakini mtu akipitia rafu za tasnifu katika maktaba zetu ataona jinsi majina ya wilaya, kisha ya tarafa, kisha ya kata, yalivyozidi kuingia katika vichwa vya kazi kadiri miaka ilivyosonga.

Tuje sasa kwenye ngazi yenyewe. Mhadhiri msaidizi hutaka kuwa mhadhiri, mhadhiri hutaka kuwa mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, kisha profesa. Kila kipago cha ngazi hiyo kina bei, na bei hulipwa kwa makala yaliyochapishwa katika majarida. Tazama jinsi hesabu inavyomkandamiza anayevuka. Makala yaliyoandikwa na watu wawili mara nyingi humpa kila mmoja sehemu tu ya alama. Basi Mkenya na Mtanzania wakiandika pamoja, ushirikiano wao huwapunja wote wawili. Kitabu cha utafiti wa miaka minane katika nchi tatu huweza kuzidiwa kwa alama na makala manne mafupi yaliyotungwa kwa mahojiano ya wiki mbili mbili katika tarafa moja. Na kabla ya kuanza utafiti wenyewe, mtu huyo anahitaji kibali cha NACOSTI kwa upande wa Kenya, kingine cha COSTECH kwa upande wa Tanzania, na kama ataka kufika Kapchorwa, cha tatu kutoka baraza la sayansi la Uganda. Kila kibali kina fomu yake, ada yake na subira yake. Mwanahistoria wa chuo cha umma aliyekaa nje ya darasa siku 49 katika mgomo wa 2025, akidai pesa za mkataba wa zamani, atatoa wapi nauli ya Musoma na ada za vibali vitatu?

Nilimfahamu mwanafunzi mmoja wa uzamili wa historia, kijana wa Bomet, aliyekuja ofisini kwangu akiwa na daftari la majina ya marika kama hayo niliyoyataja. Alitaka kulinganisha Wakipsigis na Wakuria wa pande zote mbili za mpaka, na alihitaji msaada wa jinsi ya kuandika sauti. Tulikaa naye alasiri tatu. Alikuwa na sikio zuri ajabu. Kamati ya idara yake, katika chuo ambacho sina haja ya kukitaja, ilimshauri apunguze mawanda ya utafiti: abaki na kata mbili za Bomet. Sababu walizotoa zilikuwa za kweli zote. Hapakuwa na fedha, hapakuwa na msimamizi anayeijua nchi ya Wakuria, na muda wa kumaliza shahada ulikuwa umewekwa. Kijana alitii, akamaliza, akafuzu. Leo ni mwalimu wa shule ya upili ya kutwa. Daftari bado analo, na likizo zikija huongeza kurasa kwa nauli yake mwenyewe. Hakuna bodi ya vyuo itakayomhesabia kurasa hizo.

Wakati huo huo, wageni wamevuka. Archiolojia ya nyanda hizi za juu iliandikwa na J. E. G. Sutton, Mwingereza. Kazi kubwa kabisa ya kulinganisha lugha za Kalenjin na Kidatooga, za Kenya na za Tanzania kwa pamoja, ni ya Franz Rottland, Mjerumani, nayo ilichapishwa kwa Kijerumani mwaka wa 1982. Historia za watu wa Mara zimekusanywa kwa bidii na Jan Bender Shetler, Mmarekani. Sina kijicho nao. Nimekula jasho lao, na ninalifundisha. Lakini ni kitu gani hiki, kwamba mtu wa Bomet akitaka kujua uhusiano wa lugha yake na ya Mdatooga ni lazima kwanza ajifunze Kijerumani? Wageni hao hawakutuzidi akili. Vyuo vyao viliwahesabia kuvuka mpaka kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Huenda msomaji akauliza hasara iko wapi. Watu wanaishi, chai inachumwa, wanafunzi wanafaulu mitihani. Hasara ipo, na wakazi wa maeneo haya wameilipa kwa damu. Katika mapigano ya 1992, na tena mwanzoni mwa 2008, Kipkelion, Londiani na mpaka wa Sotik na Borabu vilishuhudia nyumba zikiteketezwa na majirani wakifukuzana. Neno lililotumika katika Bonde la Ufa siku hizo lilikuwa "madoadoa": watu wa makabila mengine walikuwa madoa ya kufutwa katika kitambaa safi. Kama mwanaisimu nimelichunguza neno hilo kwa uchungu. Linadai kwamba kuna kitambaa, na kwamba zamani kilikuwa safi. Madai hayo ni ya kihistoria, na ni ya uongo. Masimulizi ya Wagusii husema kwamba mababu zao waliishi Kabianga, kilomita chache kutoka mji wa Kericho, kabla ya kuhamia nyanda za Kisii, na kwamba jina lenyewe latokana na kitenzi chao cha kukataa, kwa kuwa mimea na mifugo ilikataa kustawi pale. Fasiri za majina ya mahali ni za kupimwa kwa uangalifu, na mimi hupenda kuzipima mara mbili. Hata hivyo, chuo kikuu cha Kericho, kilichopewa hati yake mwaka wa 2013, chaitwa Chuo Kikuu cha Kabianga, na sijui ni wanafunzi wangapi wanaopita langoni wakijua kwamba jirani wa Kisii hulidai jina hilo kuwa lake.

Wala nisieleweke kuwa nataka historia ya kubembelezana. Historia ya pamoja si lazima iwe tamu. Mwishoni mwa karne ya 19 Wagusii waliwashinda Wakipsigis katika vita vikali ambavyo Wagusii huviita Saosao na Wakipsigis huviita Mogori. Majina mawili, siku moja. Anayesikiliza upande mmoja huondoka na jina moja, na hilo jina huwa wimbo wa ushindi au kidonda cha kisasi. Anayesikiliza pande zote mbili huanza kuuliza maswali mengine: ng'ombe walikuwa wa nani, mwaka ule mvua ilinyesha vipi, wajane walikwenda kuolewa wapi. Ufaransa na Ujerumani, zilizochinjana mara tatu katika miaka 75, zilitoa mwaka wa 2006 kitabu kimoja cha historia kwa shule za sekondari za nchi zote mbili. Hawakuficha vita. Waliviandika pamoja.

Hata jina ambalo wakoloni waliwaita Wakipsigis lasimulia haya. Waliitwa Walumbwa, na stesheni ya reli ambayo sasa ni Kipkelion iliitwa Lumbwa. Lakini Lumbwa lilikuwa jina la Kimaasai, lililopachikwa watu mbalimbali ambao Wamaasai waliwaona wamejishusha kwa kushika jembe. Katika Tanganyika lilitumika kwa Waparakuyo. Mwanafunzi asiyejua hilo, akilikuta jina katika nyaraka za zamani za Tanganyika, huweza kuwahamisha Wakipsigis mamia ya kilomita kwa kosa la msamiati.

Kuna jambo jingine, la mahakamani. Tangu miaka ya 1920, ardhi kubwa ya Kericho imekuwa mashamba ya makampuni ya chai. Kwanza serikali ya kikoloni ilikata ekari 25,000 kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, nao wakashindwa kulima kitani. Kisha makampuni makubwa yakaingia. Wenyeji waliokuwa pale walisukumwa. Ukoo wa Talai, uliotoa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis na Wanandi, ulipata adhabu ya pekee: kwa sheria iliyotungwa mwaka wa 1934, watu wapatao 700, wazee kwa watoto, walihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, wakakaa huko mpaka karibu na uhuru. Mnamo Agosti 2022 Watalai na Wakipsigis walipeleka malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Sasa fikiri kazi ya mwanahistoria hapa. Talai wenyewe husimuliwa kuwa na asili ya Kimaasai, ya waganga waliokimbilia kwa Wanandi. Wakapelekwa Gwassi, nchi ya Wasuba, ambao mababu wa wengi wao walivuka kutoka upande wa Uganda. Sheria iliyowahamisha ilitungwa Nairobi, na faili zake nyingi zilipelekwa London. Hakuna kata hata moja, wala kaunti, wala nchi moja iwezayo kutoa ushahidi wa kisa hiki peke yake. Wasuba waliona nini malori yalipowasili? Walipewa nini, walinyang'anywa nini ili wageni wapate pa kukaa? Mwanahistoria aliyeshauriwa kupunguza mawanda hatafika huko.

Najua pingamizi litakalotolewa. Nitaambiwa kwamba historia za vijijini bado hazijakusanywa, wazee wanakufa, na si busara kukimbilia Singida ilhali Silibwet hapajaandikwa. Pingamizi hilo nalipa uzito wake wote. Lakini mzee wa Silibwet akiulizwa vizuri atakutajia mwenyewe Wagusii, Wamaasai na Wakuria kabla chai haijapoa. Masimulizi hayajafungwa kijijini. Tunaoyafunga ni sisi tunapoandika kichwa cha tasnifu.

Yapo mambo yanayowezekana bila kungoja marais wakutane. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lina makao yake Kampala. Laweza kuzishawishi taasisi za vibali za nchi wanachama zitambue fomu moja kwa wanafunzi wa uzamili na uzamifu wa nchi hizi. Idara za historia zaweza kumpa kila mwanafunzi anayevuka msimamizi wa pili kutoka chuo cha upande wa pili, jambo ambalo siku hizi lafanyika kwa simu bila nauli. Kamati za kupandisha vyeo zaweza kuyahesabia makala ya ushirikiano wa nchi mbili alama kamili kwa kila mwandishi, na wala sioni ni nani atakayefilisika kwa hilo. Na sisi wa isimu twaweza kufungua milango ya madarasa yetu: mwanafunzi wa historia akisoma muhula mmoja wa fonolojia, atajua kwa nini Korongoro na Golongolo ni jina moja.

Kwa walimu wa shule za upili walioko Kericho, Bomet, Nyamira na Migori nina ombi moja la haraka zaidi. Wanafunzi wenu wana mababu na mabibi. Watumeni na madaftari likizo ijayo, wakaulize majina ya marika, ya vita na ya mahali, na waandike majina hayo kama yanavyotamkwa na aliyeulizwa, si kama yalivyo katika kitabu. Walio karibu na Gwassi waanze na Gwassi. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwenda huko mwaka wa 1934 sasa amepita miaka 90, na mtoto wa Kisuba aliyesimama kando ya njia akitazama malori yakipita ana umri huo huo.